Aliyezungumza na Visogo

Mtaa mzima ulimwita Wembe, na sababu haikuwa zana zake za kunyolea bali ulimi wake. "Tulia, mzee, sikio halioti mara ya pili," angemwambia mteja, na waliosubiri kwenye benchi wangeangua kicheko. Lakini wateja hawakumjia kwa mzaha peke yake. Walipoketi shuka likiwa shingoni, naye akiwa nyuma yao, walimmiminia habari za ndoa zilizowashinda na wana waliowasusa. Kwa ajili yao alikitundika kioo pembeni, ili anayelia asijione.

Saratani ilianzia tumboni, ikawa imekwisha kusambaa hadi kwenye ini ilipogunduliwa. Mkewe alimvuta daktari kando, akamsihi asimwambie mgonjwa. Nyumbani ugonjwa ukaitwa vidonda vya tumbo, na kila aliyekuja kumjulia hali alionywa mlangoni.

"Ukipona, baba, tutalipaka duka rangi," mkewe alimwambia kila asubuhi, akitabasamu.

"Ya bluu," alijibu Wembe, kisha akageukia ukuta.

Akaacha kula. Wateja wake wa zamani walipoingia, alijifanya amelala.

Hospitali ikamtuma mshauri, mwanamke wa makamo aliyesomea kutibu sonona, ile huzuni nzito inayomtafuna mgonjwa hata kabla ugonjwa wenyewe haujammaliza. Mke akamzuia mlangoni.

"Dada, zungumza naye lolote utakalo, ila neno hilo usilitamke. Utaniulia mume."

"Mimi sitalitamka," mshauri akasema. "Akilitamka yeye, nitamsikiliza."

Akaketi mbele ya kitanda, uso kwa uso, kama alivyofunzwa. Wembe akatazama dari. Aliporudi wiki iliyofuata, mgonjwa aliitazama dari ileile. Alipokuja tena, Wembe alinong'ona:

"Mama, unanikodolea macho kama askari wa zamu. Mimi maisha yangu yote nimezungumza na visogo."

Mshauri akakigeuza kiti, akampa mgongo, akangoja.

"Nina saratani," sauti ikasema nyuma yake.

"Ulijuaje?"

"Daktari alianza kuzungumza na viatu vyangu." Akacheka, kicheko kikaishia kikohozini. "Kufa nimemwachia Mola, nami simdai sababu. Kinachonimaliza ni kufa peke yangu katika nyumba iliyojaa watu. Mke wangu ananidanganya nisilie, nami namdanganya asilie. Tutaagana lini?"

Mshauri hakumpa mawaidha. Alimwomba asimulie maisha yake tangu mwanzo, apime mwenyewe yapi yalikuwa na thamani. Wembe akasimulia utoto, akasimulia ufundi, lakini alipofika kwa mkewe akakomea hapo.

"Hayo si ya kwako, mama. Yana mwenyewe."

Basi mshauri akamwendea mwenyewe jikoni. Mke alisugua sufuria iliyokwisha takata, akasema hana nafasi, akasema hana nguvu, mwishowe akajipangusa mikono na kuingia. Mumewe alimwashiria aketi ukingoni mwa kitanda, ampe mgongo. Akamwekea mkono begani.

"Nina saratani, mama watoto. Najua."

Mabega yale yakatikisika. "Nani kakwambia? Yule dada?"

"Wewe. Bluu huipendi, na hukubisha hata mara moja. Tangu lini ukanikubalia jambo bila kunigombeza?"

Mke akacheka, na katikati ya kicheko akaanza kulia kwa sauti, kama mtu aliyeruhusiwa. Mumewe naye akalia.

Tangu hapo Wembe aliomba uji mwenyewe. Maumivu hayakumwacha, lakini hakugeukia tena ukuta. Kila alasiri alimsimulia mkewe maisha yao kama yeye alivyoyaona: alivyomwona kwa mara ya kwanza akizozana na muuza mkaa, alivyompenda kabla ugomvi haujaisha, chumba chao cha kwanza na paa lake lililovuja. Alisimulia polepole, kwa kuwa pumzi ilikuwa chache. Mola akamchukua hadithi ikiwa njiani.

Mshauri alipokuja kutoa pole, alimkuta mjane ameketi chumbani, godoro limekwisha kuondolewa.

"Alisimulia hadi mwaka tuliomzika kifungua mimba wetu," mjane akasema. "Akachoka. Akaniambia, 'Kesho nitakwambia nilivyokuona ulipoinuka tena.'" Akaikunja kanga mapajani, akaikunjua. "Baada ya mwaka ule nimeishi naye umri mzima, dada. Nimezaa, nimezeeka. Sijui aliniona mke wa namna gani. Na muda wa kuniambia ulikuwepo. Mimi ndiye niliyemziba mdomo, miezi yote ile, nikidhani namhurumia."

Kisha akauliza, "Kwa nini hukunilazimisha mapema?"

Mshauri akaketi sakafuni karibu naye, akamshika mkono.