Nilisugua Sufuria kwa Dawa ya Meno Sokoni

Wapendwa, mwenzenu nimepiga mswaki sufuria. Soko la Kasongo, saa nne asubuhi, watu wamenizunguka.

"Huyu mama akili imeruka," akasema muuza ndizi.

Akili ninayo. Sikilizeni.

Wifi yangu Falonne anauza dawa ya meno ya makala, yaani mkaa, nyeusi tii, anaitoa mjini Salamabila. Tangazo lake ni kinywa chake: akicheka tu, meno meupe pee, wateja wanajipanga.

Binti yangu Laura, miaka saba, alikuwa ameota meno mapya ya mbele. Yalikuwa na umanjano kidogo, kama ya watoto wengi.

Falonne akamchukua likizo nzima. Akamsugua meno asubuhi na jioni. Kwa nguvu!

Mtoto aliporudi, alikunywa maji ya mtungi, akashika mashavu. "Mama, inachoma!"

Nikampeleka kwa muuguzi, tyubu ya dawa mkononi. "Hii iko na chembe zinakwangua," akasema. "Ganda la jino likiisha, halioti tena. Acha leo."

Nikamwendea Falonne sokoni kwa upole. Akanijibu mbele ya wateja:

"Muke wa kaka yangu amesoma masomo ya jioni siku mbili tu, sasa iko docteur! Kesho ulete mutoto, nimalizie kazi."

Kesho gani?

Nilikuwa nimetoka kununua sufuria. Nikaiweka juu ya meza yake, nikachukua mswaki na tyubu yake. Sugua, sugua. Ikang'aa zaidi!

"Si munaona?" Falonne akapiga makofi. "Safi kabisa!"

"Ndiyo, wifi. Na ninyi mama zangu, nani sufuria yake ya harusi ilitoboka kwa kusuguliwa na makala na mchanga?"

Bibi mmoja akainua mkono. "Yangu mbili."

"Na mimi!" "Hata yangu!" Kicheko.

"Sufuria tunampelekea fundi, anaweka kitako kipya. Jino la Laura nitalipeleka kwa nani?"

"Uongo!" Falonne akawaka. "Mimi nasugua kila siku. Muangalie!"

Akaninyang'anya mswaki, akajisugua kwa hasira, povu jeusi mpaka kidevuni.

Mara, ko!

Meno mawili ya mbele, kumbe ya bandia, pamoja na ufizi wake wa plastiki, yakaangukia ndani ya sufuria yangu.

Watu wakasogea kuchungulia.

"Nilianguka na pikipiki," akanong'ona, "njia ya Wamaza."

Nikamkinga kwa kitenge changu, akayarudisha. Ni wifi yangu, jamani.

Ukoo ukanikalisha chini: omba msamaha. Kwa aibu ile niliyomletea wifi niliomba, na kwa moyo. Lakini nikawaambia wazi: kinywa cha mtoto wangu hakimo ndani ya msamaha huo. Waniite mke mkaidi, nitaitika.

Wamama wenzangu, jino jeupe si lazima liwe jino zima. Na ukisikia mtoto anasema inachoma, usingoje ukoo ukubali kwanza. Simama.