Shemeji Alivyokuja Kuazima Hewa ya Mama

Mashine ya oksijeni aliileta mdogo wangu wa kiume, baada ya daktari kusema mapafu ya mama yamechoshwa na moshi wa kuni. Ikawekwa kando ya kitanda chake hapa Manyoni, ikawa inanguruma mchana kutwa. Mama alivaa mpira wake puani, akaendelea kuitawala nyumba akiwa amelala. Mimi ndiye niliyerudi kumtunza, maana sina mume, na katika ukoo wetu mwanamke asiye na mume huhesabiwa kuwa hana shughuli.

Mume wa dada yangu, yaani shemeji, aliwahi kufanya kazi kwenye hoteli ya pwani, akiwabebea watalii mitungi ya kuzamia baharini. Aliporudi alikuja na mtungi mmoja wa njano, mtupu, na maneno mengi. Manyoni hakuna bahari. Kuna miezi hata maji ya kuoga ni ya kuombana. Lakini mtaa mzima ulimwita Mzamiaji, na hakuna aliyewahi kumwona amelowa.

Sasa, kwenye kijiji cha jirani ukazinduliwa mradi wa maji. Pampu mpya ilifungwa juu ya chelezo cha mapipa katikati ya bwawa, na mgeni rasmi akataka apigwe picha ameishika. Wanaompenda wakapanda naye ili asianguke. Walimpenda wengi mno. Chelezo kikapinduka. Watu wote waliokolewa wakiwa na tope hadi masikioni. Pampu ikabaki chini. Vijana walizama wakaibuka na matope mikononi. Ukaitishwa mkutano wa kutafuta wa kulaumiwa, na katikati ya ubishi shemeji akasimama.

"Hiyo pampu nitaitoa mimi," alisema.

Alipigiwa makofi. Nadhani alikumbuka kwamba mtungi wake hauna hewa wakati anarudi kukaa.

Kesho yake alikuja nyumbani. Kwetu mkwe wa kiume haingii chumbani kwa mama mkwe wake, hivyo alisimama ukumbini, nyuma ya pazia, macho chini kana kwamba mama angeweza kumwona.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Watoto hawajambo?"

"Hawajambo. Mama, nina ombi. Hiyo hewa yako, naomba kuazima kidogo."

Mama alinigeukia. "Muulize, akishaivuta atairudishaje?"

"Mwambie mama haipungui," alijibu kabla sijafungua mdomo. "Mashine inaitengeneza hapo hapo. Mzamiaji anavuta hewa, mgonjwa anavuta hewa. Hewa ni hewa."

Nikamwambia, "Shemeji, hiki ni kifaa cha hospitali. Kwanza tumuulize muuguzi."

"Muuguzi anajua sindano. Mitungi naijua mimi."

Ningemfukuza, ila mama alikuwa na dada yake kule kwenye kijiji cha pampu, na alijua wanawake wa kule wanavyoamka kufuata maji na punda. Daktari alikuwa amemruhusu kukaa kidogo bila mpira anapokula. "Aujaze mtungi wake nikiwa nakula," alisema. "Ila asiingie humu."

Basi mimi niliyekuwa ndani nikawa fundi, na fundi aliyekuwa nje akawa mkalimani wa mikono kupitia dirishani. Nilipitisha mpira dirishani hadi uani, ambako alikuwa ameazima kwa fundi pancha ile mashine ya kujazia upepo matairi, nyeusi tii kwa oili. Majirani walikuja na vigoda. Shemeji aliwahutubia juu ya bahari, papa na ujasiri, kisha akawasha.

Ulitoka mlio kama wa tairi la lori kupasuka; baadaye muuguzi alitueleza kwamba oksijeni ikishindiliwa kwenye oili hulipuka. Moto ukarukia mpira na kuufuata kuja ndani, ukashika pazia la dirisha. Nilichomoa waya ukutani. Nilipogeuka, mama alikuwa kwenye kiti na sahani mapajani, anataka kuinuka na pumzi haimpi ruhusa. Sijapata kuogopa namna ile.

Mlango ukafunguliwa kwa kishindo. Shemeji aliingia bila nyusi, akamnyanyua mama kama gunia la alizeti, akatoka naye. Mimi nilimwagia pazia maji ya ndoo mpaka likazima. Uani majirani wengine walikuwa wamekimbia na vigoda vyao.

Tulimfikisha mama hospitali kwa gari la jirani, midomo yake imeanza kuwa ya bluu. Huko aliwekewa oksijeni, akatulia. Mashine yetu nyumbani ilikuwa imeyeyuka mdomo. Mdogo wangu alitugombeza kwenye simu hadi salio likamwishia.

Wazee wa ukoo walikaa kikao. Nilidhani wangeuliza habari za moto.

"Ni kweli umemshika mama mkwe wako?" mjomba alimuuliza.

"Nilimbeba, mjomba."

"Kwa mikono yote miwili?"

"Yote miwili."

Walisikitika sana. Akatozwa beberu. Kuhusu oili, oksijeni na nyumba iliyonusurika kuungua, hakuna aliyetamka neno. Hayo hayakuwa na mila.

Pampu ilijitoa yenyewe. Kiangazi kilipokolea bwawa likanywea, ng'ombe wakawa wanakunywa pembeni yake, na vijana wakaivuta kwa kamba. Mgeni rasmi alirudi kupigwa picha.

Lakini kabla bwawa halijanywea, mama akiwa bado wodini, shemeji alikuja kumwona. Alisimama nje ya mlango kama kawaida, akatoa shikamoo kwa ukuta.

"Ingia," mama alisema. "Si ulishaingia?"

Akaingia akakaa ukingoni mwa benchi, akitazama sakafu. Mama alimkagua uso kwa muda mrefu.

"Nyusi zitaota?"

"Zitaota, mama."

"Ulinigonga kiuno mlangoni," alisema, kisha akaniambia nimmenyee mkwe wake chungwa.