Chuma Kilichokula Pori

Jirani yangu mhunzi, hapa Kongwa, hafui chuma bila kukisema kwanza. Anakishika kwa koleo, anakipuliza vumbi, kisha anakifokea kwa sauti yake ya kukwaruza: "Ulikula pori, sasa utakula magugu." Vyuma vyake karibu vyote vimetokana na matrekta ya Waingereza, waliong'oa miti yetu ili walime karanga, karanga zikagoma, wakaondoka na kutuachia ardhi ngumu kama sakafu. Yeye anavigeuza majembe. Viganja vyake vimejaa makovu ya cheche, na hata akikupungia mkono vidole vinabaki vimekunjwa, kana kwamba bado ameshika nyundo.

Tangu biashara iwe huria, malori ya vyuma chakavu yanatufikia mpaka mlangoni. Juzi mnunuzi mmoja kutoka Dar aliona sahani kubwa za plau zimeegemezwa pamoja nyuma ya kibanda.

"Shikamoo mzee. Hizo nazichukua kwa bei yoyote."

"Marahaba. Hizo haziuzwi. Ziko kazini."

"Kazi gani, nazo zimekaa tu?"

Mhunzi akaweka nyundo chini, akasogeza sahani moja kwa mikono miwili. Ndani, mahali mbuzi hawafiki, mgunga ulikuwa umechipua wenyewe kutoka kwenye mzizi wa zamani, haujafika hata goti. Mnunuzi akachuchumaa, akautazama, akacheka kidogo. Kisha akasimama na kumpigia kelele dereva wake azungushe lori upande wa pili, asije akaukanyaga mti.