Kalamu Kwenye Mkebe wa Unga

Juzi huko Kariobangi nilimwona fundi akipaka vanishi kabati la vioo kama lile la kwetu, na harufu yake ikanirudisha kwenye Jumamosi moja ya utotoni. Mama alikuwa akipanga nyumba upya, vitambaa vya viti vikinukia sabuni, huku redio ikisoma habari.

"Waziri amepigwa kalamu," Mama alimwambia jirani yetu, Mama Akinyi.

"Ngoja uone. Wa kanjo ndio wanafuata."

Baba alikuwa karani wa kanjo, yaani baraza la jiji. Sikujua kwamba kupigwa kalamu ni kufutwa kazi. Niliuwazia mgongo wake tu, ukichapwa kwa kalamu. Nikakusanya kalamu zote za nyumbani, nikazifukia ndani ya mkebe wa unga.

Jioni Mama alichota unga wa ugali, zikatoka.

"Nani ameweka hizi huku?"

"Ni mimi. Ndio wasipige Baba."

Baba alicheka hadi akafuta machozi, kisha akachomoa kalamu ya mfukoni mwake. "Hii nayo umeisahau. Ficha."

Hakufutwa kazi. Na mpaka leo sijakubali kabisa kwamba si mimi niliyemwokoa.