Injini Chini ya Kitanda

Kabla ya kupelekwa Sori, mji wa wavuvi, nilifundishwa Homa Bay, katika kiwanja cha vumbi nyuma ya karakana, pamoja na wanaume kutoka vituo vya zimamoto vya miji midogo ya upande huo wa ziwa. Nilikuwa mwanamke peke yangu na Mkuria peke yangu. Asubuhi tulikimbia na mipira ya maji mabegani, tukapanda ngazi, tukashuka, tukabebana mgongoni kama magunia ya mahindi. Buti nilizopewa zilikuwa za mwanamume, nikazijaza matambara kwenye vidole ili zisinitoke nikiwa juu. Hakuna aliyenionea. Walinigawia chai, wakanishikia ngazi bila kuombwa. Lakini jioni, buti zikishavuliwa, mazungumzo yalihamia Kidholuo bila mtu kukusudia, nami nikabaki na kikombe changu nikiwatazama wakicheka.

Mkufunzi wetu, mzee mwenye kovu la moto shingoni, alikuwa na somo moja alilolirudia kila siku. "Ukifika mahali," alisema, "usiulize moto umeanza wapi. Uliza nani hayuko."

Sababu ya kunipeleka Sori ilikuwa barabara. Gari letu la zimamoto hukaa Migori mjini, na likiitwa hadi kule ziwani hukuta majivu. Wakubwa wakaamua mtu mmoja aende kuishi huko, akusanye watu wa kujitolea, awafundishe kuzima kwa ndoo, mchanga na blanketi la maji wakati gari liko njiani. Nilichaguliwa mimi, nadhani kwa kuwa sikuwa na mume wa kulalamika wala mtoto wa kuhamishwa shule. Kwetu ni Ntimaru, upande wa pili kabisa wa kaunti. Jumapili nilimpigia mama simu, si kwa habari yoyote, ila nisikie Kikuria kikisemwa.

Darasa langu lilikuwa chini ya paa la banda la kupimia samaki, alasiri, omena, dagaa wa ziwa, wakiwa wamekwisha kuanuliwa. Walikuja wavuvi, wachuuzi, mafundi wa nyavu, na wengine waliokuja kutazama tu mwanamke aliyevaa suruali ya kazi. Siku ya kwanza mwenyekiti wa kamati ya ufuo alinikaribisha kwa heshima, kisha mvuvi mmoja mrefu, mwenye kofia ya sufu hata juani, akanyoosha mkono.

"Madam, sisi tunalala na ziwa hapa mlangoni. Umetoka mlimani kuja kutufundisha maji?"

"Maji yako ziwani," nilimjibu. "Moto uko jikoni. Nani atayaleta?"

"Bibi yangu."

"Na akiwa yeye ndiye anaungua?"

Wanawake walicheka, mmoja akampiga yule mvuvi kwa kitambaa. Tangu hapo tulielewana kidogo. Nikawafundisha kusimama mstari na kupokezana ndoo, zilizojaa zikipita mkono huu, tupu zikirudi mkono ule. Nikawaonyesha kufunika sufuria ya mafuta inayowaka kwa blanketi lililoloweshwa. Yule wa kofia akauliza kama hilo blanketi ni la serikali, maana lake nyumbani lilikuwa la mahari na halingekubali kuloweshwa. Alikuwa mchekeshaji, lakini mikono yake ilijifunza haraka kuliko ya wengine.

Nilipofika kwenye somo la mkufunzi wangu, kwamba watu hutolewa kwanza na vitu baadaye, ndipo nilipokutana na desturi ambayo Homa Bay hatukuisoma.

"Na injini ni mtu ama ni kitu?" aliuliza yule wa kofia.

"Ni kitu."

Banda zima likakataa, "Aaa!" kwa sauti moja. Mzee mmoja aliyekuwa akishona wavu alinieleza kwa upole, kama anayemweleza mgeni njia ya sokoni. Injini za boti huibwa. Huibwa sana, huvushwa ziwani usiku huo huo, na mwenye kuibiwa hubaki na boti ya kukalia tu. Kwa hiyo kila jioni injini hubebwa begani hadi nyumbani, ikalala chumbani na mwenyewe, chini ya kitanda, na tangi lake la petroli nyuma ya mlango. Na kwa kuwa kila mtu anajua ilipo, nyumba ikishika moto vijana hawahitaji kuelekezwa. Huingia moja kwa moja hadi kitandani, wakaitoa.

"Inalisha watu wengi kuliko mimi," mzee alimaliza. "Sasa ni kitu hiyo?"

Nilianza kuzunguka nyumba kwa nyumba. Ni kazi niliyoipenda, kwani mtu mpweke hupewa sababu ya kubisha hodi. Ndivyo nilivyomjua mjane mmoja aliyeishi kwenye safu ya vyumba vya mabati karibu na kanisa la Waadventista, mwanamke wa makamo, mwenye sauti ya chini, aliyeniita nyathina, mwanangu, tangu siku ya kwanza. Chumba chake kilinuka petroli mpaka macho yaliwasha. Injini ya marehemu mumewe ililala juu ya tairi kuukuu chini ya kitanda, imefunikwa leso safi. Hatua mbili kutoka hapo kulikuwa na jiko la makaa.

"Mama, utaungua," nilimwambia.

"Najua."

Alinikaribisha uji, akanieleza. Injini aliikodisha kwa wavuvi, akilipwa kwa samaki, na samaki hao ndio waliomlisha. Mumewe alipofariki alikataa kurithiwa, kanisa likamuunga mkono. Tangu hapo shemeji yake, mdogo wa marehemu, alikuwa akiulizia injini. Alisema ni mali ya ukoo. Alisema siku moja ataichukua, na hatamwibia, ataibeba mchana.

"Kwa hivyo nalala nayo," alisema. "Wezi naweza kupigia nduru. Shemeji utampigia nduru ukisema nini?"

Nikamuuliza shemeji huyo ni nani.

"Si yuko kwa darasa yako? Yule wa kofia. Anakusifu sana."

Nilianza kupita kwake karibu kila jioni. Nilijiambia ni kazi, na kweli tulizungumza juu ya petroli, lakini zaidi nilikaa tu kwenye kigoda, yeye akichambua omena na kunitafsiria kelele za majirani. Hapakuwa na mlango mwingine Sori ambako sikuhitaji kuanza kwa kueleza nimetumwa na nani. Kila mara kabla ya kuondoka nilimwomba aiondoe injini, kila mara akatikisa kichwa. Halafu jioni moja niliingia nikavuta pumzi, nikavuta tena. Harufu haikuwapo. Leso ilikuwa pale pale, imefunika kitu chenye umbo la injini. Niliigusa kwa kidole, nikakuta magunia.

"Imeenda wapi?"

"Imeenda kulala." Alicheka, mara ya kwanza nimwone meno yote. "Wewe umesema iondoke, imeondoka. Wanaoikodi wameapa kunyamaza. Watu wengine wacha waendelee kuiona hapo."

Sikuuliza zaidi. Kwa kawaida mimi huuliza.

Moto ulitokea mchana wa upepo. Jirani yake alikuwa akikaanga samaki mlangoni, mafuta yakamwagika, ziwa likapuliza, na kabla sijafika kutoka banda la darasa moto ulikuwa umeshika dari ya chumba cha kwanza. Nilipiga simu Migori huku nikikimbia. Watu wangu walikwisha kuwa kwenye mstari. Nakumbuka nilivyofurahi kuwaona, wachuuzi na mafundi wa nyavu, ndoo zikipita mkono huu, tupu zikirudi mkono ule, hakuna aliyenisubiri. Niliuliza nilichofundishwa kuuliza. Nani hayuko? Jirani yuko. Watoto wako shule. Mjane yuko, amesimama kando ya mti wa kuanikia nguo, mikono kifuani.

Ndipo shemeji yake alipokuja mbio kutoka ufuoni. Alifanya kila kitu nilichomfundisha. Aliokota blanketi, akalitumbukiza kwenye ndoo, akajifunika kichwa na mabega, akainama chini ya moshi. Kisha akaingia chumba cha mjane, ambacho ukuta wake ulikuwa umeanza kuwa mwekundu.

"Mwanaume!" watu walipiga kelele. "Toa injini! Toa!"

Nilipiga kelele atoke. Sauti yangu ilikuwa moja kati ya nyingi, na ilikuwa ya Kiswahili. Kutoka ndani tulimsikia akikohoa, akigongagonga chini ya kitanda.

"Siioni!" alisema. "Siioni!"

"Angalia vizuri! Iko chini!"

Nilimtazama mjane. Alikuwa ameweka kiganja mdomoni, amekibana kabisa kama mtu anayezuia kutapika. Alinitazama. Kati ya waliosimama pale, sisi wawili tu tulijua kwamba kule ndani mtu anatafuta magunia. Mimi sikujua iliko, ningeweza tu kusema haiko, na nilisema, nikirudia, lakini nani angemwamini mgeni kuhusu injini ya Sori? Bati moja la paa lilijikunja, likadondoka nyuma.

Aliondoa mkono mdomoni.

"Haiko!" aliita. Kisha akaita tena, kwa Kidholuo na kwa Kiswahili, kwa sauti niliyokuwa sijawahi kuisikia kwake. "Toka! Haiko hapo! Iko kwa banda ya kuku, kwa dani wa kanisa! Toka, shemeji, iko kwa kuku!"

Ndoo zilisimama. Kila mtu pale alimjua dani huyo, nyanya mwenye kibanda cha kuku nyuma ya kanisa. Blanketi likatoka likitambaa, na yeye chini yake. Nilimshika mkanda, tukamburuta hadi mchangani. Nyuma yetu chumba kilianguka.

Gari lilifika moto ukiwa umekwisha. Wenzangu wa Migori walimwagia majivu maji, wakanipongeza kwa mstari wa ndoo, wakaondoka kabla giza halijaingia. Vyumba viwili viliungua, vingine vyote vilisimama, hakuna aliyekufa. Kwa kazi yangu ilikuwa siku njema.

Shemeji alipewa maziwa anywe, akakaa akikohoa, nyusi zimeungua, watu wakimpapasa mgongo. Kisha akaondoka. Jua lilikuwa bado halijagusa maji aliporudi akisukuma wilbaro, na injini ndani yake ina manyoya ya kuku. Alipita mbele yetu mchana, kama alivyoahidi. Nilimwendea mwenyekiti wa kamati ya ufuo, nikamwambia mjane ana haki yake. Alinisikiliza.

"Madam, injini ni ya marehemu, na marehemu alikuwa na ndugu," alisema. "Tungeweza kukaa tuongee. Lakini huyu ametoka kwa moto sasa hivi. Nani atamwambia weka chini?"

Mjane alilala kwangu majuma machache. Chumba changu kilikuwa kidogo, tuligawana godoro. Sikumuuliza, lakini usiku wa kwanza alijibu kana kwamba nimeuliza.

"Ulitaka ninyamaze?"

"Hapana, mama."

"Basi."

Mwanzoni shemeji alimletea samaki kila Jumapili, ngege wawili wanene wakining'inia kwenye kamba. Alisimama mlangoni na kofia mkononi, akamsalimu vizuri, akauliza afya. Mjane aliwapokea, akashukuru, akawapaa, tukala. Baadaye ngege akawa mmoja. Baadaye zikaja omena ndani ya karatasi, zimeletwa na mtu mwingine. Jumapili iliyofuata hakikuja kitu, na mjane alikuwa amekwisha kuwasha jiko. Alitazama makaa kwa muda, akasonga ugali, tukaula na sukuma.

Aliondoka kwenda kwa kaka yake, Homa Bay, akauze mboga. Nilimbebea godoro alilopewa na kanisa mpaka barabarani. Nilikuwa nimejiandaa kusema mambo mengi. Yeye alikuwa na moja.

"Nyathina, najua kazi yako ni kufundisha. Lakini hapa Sori usinifanye somo."

Niliahidi. Alinishika uso kwa mikono miwili, akapanda.

Bado nipo Sori. Darasa limekua, hata watu wa ufuo wa jirani huja. Shemeji huketi mbele, nyusi zimeota tena, ndiye anayejaza ndoo kabla sijafika na kuwanyamazisha wanaochelewa. Boti yake inakwenda vizuri. Juzi mgeni mmoja, fundi mpya wa nyavu, aliona mahali peupe kwenye safu ya vyumba vya mabati, akauliza mbele ya wote pale palikuwa kwa nani.

Watu walitazama ndoo zao. Shemeji aliinama akafunga kamba ya kiatu.

"Palikuwa na mpangaji," nilisema. "Alihama." Kisha nikawaambia wasimame mstari.