Maji ya Mama Katika Bustani ya Kiajemi

Kaka yangu Soud alininyang'anya bustani ya mama kwa dole gumba langu mwenyewe. Sijui kusoma, naye alijua. Hata haya anayaandika binti yangu. Aliniambia ni karatasi ya hospitali, nikatia dole.

Bustani iko Ibra, huku Omani. Ni ya Kiajemi, ya zamani: mifereji miwili inakatana, birika katikati, mikomamanga pande zote nne. Mama hajatimiza mwezi kaburini, Soud akaanza kuwaleta wageni kuitazama. Nami nikaenda, nikasimama nyuma yao kama mgeni.

Ninayetaka kumtaja kwa wema ni Ami Muhanna, mgawa maji wa falaj yetu, mfereji unaonywesha mashamba ya mji mzima. Alizaliwa Bujumbura, dukani kwa babake, na mpaka leo tunakicheka Kiswahili chake cha bara. Yeye husema sisi tuliotoka Unguja tunaongea kama watu wanaoazima chumvi. Ana simu mbili, lakini zamu za maji anazipima kwa kivuli cha kijiti. Simu ni za kusikilizia mpira.

Kwetu shamba na maji ni mali mbalimbali. Mama alinipa maji yake angali mzima, pale penye kijiti, mbele ya Ami Muhanna. Soud amekulia Maskati, akadhani maji hufuata bustani. Zamu mbili zikapita birika kavu, akaona labda mfereji umeziba.

Siku hiyo akamwamrisha mzee afungue, wageni wanangoja. Ami Muhanna akakaa kitako, akakuna goti. Akamwambia bustani ameshaichukua, basi, lakini maji yana mwenyewe, na mwenyewe hajasema neno. Kisha akanigeukia.

"Fatma, mwanangu, zamu yako imefika. Niyaelekeze wapi?"

Soud akanitazama. Nilitaka kusema yaende kwa jirani. Lakini majani ya mikomamanga yalikuwa yamejikunja, na ule wa pembeni mama aliupanda mwaka niliozaliwa.

"Ifungulie miti, ami."

Akachomoa gunia analozibia mfereji, maji yakaingia. Wageni wakapiga picha. Mzee akaninong'oneza, "Ungekataa nisingekulaumu. Ila ningelia."

Tangu hapo, kila siku ya nane, zamu yangu ikirudi, hunipigia simu kuniuliza ayaelekeze wapi, na jibu analijua.

Maji natoa. Aliyebaki ni Soud: aje penye kijiti, mbele ya Ami Muhanna, aseme kwa kinywa chake aliniambia karatasi ile ni ya nini.