Mosi, mbwa ya kondoo, na matumbo ambayo haikuoshwa

Nani hapa ameshaambiwa ati mbwa ikila nyama mbichi itaanza kuwinda watu?

Wakuu, habari zenu. Na nyinyi vijana, niaje. Mimi ni nyanya, shule niliionea mlangoni tu, lakini hii naleta ni kitu nimeona na macho yangu na sitaongeza chumvi. Chumvi mtaisikia, lakini ni ile ya jikoni.

Nimeona hapa watu wanabishana juu ya raw feeding, yaani kulisha mbwa nyama mbichi, ati ni maneno mapya ya ng'ambo. Nimecheka mpaka chai ikanipalia.

Wacha niwapeleke Spring Valley, hapa Nairobi, miaka ya sitini hapo mwisho mwisho.

Nilikuwa msichana wa kutoka Bungoma, naitwa Nekesa, napika na kulea watoto kwa Mama Wangui. Yeye alikuwa anapiga taipu ofisini huko town. Bwana yake alikuwa mkubwa serikalini. Tulimwita Mzee na hata mvi hakuwa nayo.

Hiyo nyumba walinunua kwa mzungu mwenye alikuwa anarudi kwao. Mzungu akaacha viti, akaacha maua, akaacha na mbwa.

Mbwa yenyewe ilikuwa ile ya kuchunga kondoo, nyeusi na nyeupe, imetoka shamba kule Kinangop. Jina Moss. Sisi tulisema Mosi, na aliitika.

Wakuu, huyo hakujua kukaa.

Watoto wakicheza, wamesambaa kwa nyasi, Mosi anawazunguka tumbo chini kama nyoka. Anawasukuma polepole mpaka wote wako kona moja karibu na tangi ya maji. Halafu analala mbele yao anawalinda. Mtoto akijaribu kutoka, anafinywa kisigino na meno. Haumii, lakini analia. Mosi naye anaona kazi imeisha vizuri.

Na alikuwa amekonda. Alikuwa anapewa ugali na maziwa, Jumapili mchuzi iliyobaki. Tumbo inaendesha, manyoya inatoka, mbavu unaziona ukiwa kwa barabara. Lakini mbio hazikuisha. Sijui zilikuwa zinatoka wapi.

Mzee akasema basi, daktari wa mifugo akuje amdunge sindano, alale asiamke. Hakuwa mtu mbaya. Alisema mbwa anateseka, na watoto wanateseka.

Wangui, msichana wao mdogo, akasikia. Akakataa kula. Nikimwekea chakula anauliza kama Mosi amekula.

Sasa mimi na mdomo yangu nikasema nipewe huyo mbwa mpaka mwisho wa mwezi. Kwetu mbwa za baba zilikula kile zilirushiwa watu wakichinja, na hakuna iliyokuwa na mbavu nje. Mzee akanicheka, lakini akakubali.

Bwana ya dada yangu alikuwa anachuna ngozi kwa kichinjio Dagoretti. Siku yangu ya off nikaenda na kiondo, nikapewa matumbo ya ng'ombe.

Hapo ndipo nilikosea, na ni kosa ya Mluhya kabisa.

Kwetu mwanamke akipika matumbo iko na majani ndani, hiyo aibu inafika mpaka kwa shangazi zake. Kwa hivyo niliosha. Maji moto, chumvi, nikakwangua na kisu, nikasugua tena, mpaka ikawa nyeupe kama kitambaa ya kanisa. Nikamwekea Mosi.

Akanusa. Akaniangalia kama mtu ametusiwa. Akaenda zake.

Mimi nikasema kumbe bado ni chafu. Nikaongeza chumvi nikaosha tena!

Safari iliyofuata nilibeba ingine, nikapita nayo town ndani ya basi, watu wameziba pua, mzee mmoja wa suti akahama kiti. Kufika nyumbani, mfereji imekauka. Hakuna tone. Nikaacha matumbo kwa karai nyuma ya jikoni, majani yote ndani, rangi ya kijani, harufu hata sisemi. Nikaenda kuomba maji kwa jirani.

Kurudi, Mosi amesimama ndani ya karai na miguu ya mbele. Anakula na macho amefunga.

Kutoka hapo sikuosha tena. Mbichi, na majani yake, na mfupa yenye nyama kidogo. Tumbo ikashika. Manyoya ikaanza kung'aa. Mama Wangui akaniuliza kama nampaka mafuta.

Lakini Mulwa, mwenye alikuwa anakata majani ya jirani, akaniambia juu ya fence: "Nekesa, umemwonjesha damu. Akimaliza matumbo ya ng'ombe atakuja kwa yako."

Hiyo maneno ilifika kwa Mzee. Akasema siku Mosi atagusa mnyama wa mtu, sindano ni siku hiyo hiyo.

Haikukaa siku nyingi. Jumamosi moja mtu aliacha gate wazi, na Mosi hayuko. Tuliita mpaka sauti ikakauka. Wangui amenishika sketi.

Halafu nikasikia kondoo.

Wakuu, kondoo za mtu zilikuwa zinaingia kwa gate, moja nyuma ya ingine, kama wanafunzi. Nyuma yao Mosi, tumbo chini. Akazipeleka moja kwa moja mpaka kwa ukuta ya garage, juu ya maua, akalala mbele yao.

Mzee naye ndio huyo anaingia na Peugeot. Akakosa mahali pa kupitisha gari. Na nyuma yake mwenye kondoo, guka mmoja, babu wa Kikuyu kutoka Kangemi, anahema, rungu mkononi.

Guka alishika kondoo moja moja, akafunua manyoya, akaangalia shingo, akaangalia miguu. Mimi nilikuwa naomba na Kibukusu, lugha ya kwetu.

Akamaliza. Akamwangalia Mosi.

"Hakuna hata alama," akasema. "Mbwa ya njaa haiwezi kukuletea kondoo mpaka mlangoni. Hii imeshiba, inatafuta kazi. Unauza pesa ngapi?"

Mzee, mwenye alikuwa anataka kuita daktari, akafunga mlango ya gari polepole.

"Guka, hiyo ni mbwa yangu. Haiuzwi."

Lakini walielewana. Asubuhi guka anakuja kumchukua, wanachunga, jioni analetwa amechoka anakula karai yake. Watoto wakacheza mahali wanataka. Mosi alizeekea kwa hiyo nyumba.

Kwa hivyo mbwa wa aina hiyo mpe mbichi, na mpe kazi. Chakula bila kazi utalia, kazi bila chakula atalia yeye. Mfupa iliyopikwa usimpe, inapasuka vipande vikali. Maini au mapafu iko na malengelenge tupa mbali kabisa, na dawa ya minyoo usisahau. Watoto waoshe mikono.

Nyinyi mnalisha nini? Semeni hapo chini, hata wa kunipinga karibu.

Nimeandika kwa sababu mjukuu yangu Naliaka, tunaishi naye hapa mtaa wa Jamhuri, amenunua mbwa kama hiyo na imekula sofa. Wiki iliyopita alikuwa anatafuta namba ya daktari wa ile sindano. Nikamketisha, nikamwambia haya yote.

Akanishika mkono, akaniita nyanya kwa Kibukusu, akaniahidi: "Kukhu, huyu hata akinishinda, sitaita sindano. Nitakupatia wewe kwanza."